Kabla Hujanunua Paka wa Kiajemi, Msikilize Msusi

Wateja wakimwona Ukungu pale dirishani, swali la kwanza ni bei. La pili ni kama ana watoto. Ni nadra sana mtu kuniuliza nani anamchana, na mimi naona hilo ndilo lilipaswa kutangulia. Saluni yangu iko Pasua, Moshi, kwenye fremu ya mbele ya nyumba tunayoishi, na dirisha la sebule linatazamana na benchi la wanaosubiri zamu. Kwa hiyo mtu anakaa pale anamtazama paka mkubwa wa kijivu, manyoya mpaka kwenye vidole, amelala juu ya kochi hana habari na mtu. Siku hizi watoto wa paka wa aina yake wanauzwa sana mitandaoni, picha zinazunguka kwenye status za WhatsApp kutoka Dar mpaka Arusha, na wengi wanaoniuliza tayari wana hela mkononi. Nawaandikia hao.

Ukungu ni paka wa Kiajemi, dume. Alikuwa wa mteja wangu, dada mmoja wa kigeni aliyekuwa akifundisha hapa mjini. Kila alipokuja kusuka alikuja na paka kwenye kikapu, nikimaliza kichwa chake namfungulia na paka mafundo. Mkataba wake ulipoisha akaniomba nimchukue, akanikabidhi paka, kadi ya chanjo na chanuo lake la chuma. Jina alishampa yeye, asubuhi moja ya Julai ambayo mlima haukuonekana kabisa.

Kwanza tabia, maana ndiyo inayowavutia watu baada ya manyoya. Ukungu ana sauti ndogo na anaitumia akitaka mlango ufunguliwe tu. Hapandi juu ya kabati. Miguu yake ni mifupi na minene, kiwiliwili kimejaa, kwa hiyo maisha yake ni sakafu, kochi na kitanda. Anataka mambo yaende vilevile kila siku: chakula saa ileile, mto uleule, mimi niketi upande uleule. Tulipohamisha kochi ili kupaka rangi kabla ya Krismasi, alikwenda kukaa palepale kochi lilipokuwa, katikati ya ndoo za rangi, na hakuondoka mpaka tulipolirudisha. Hapendi kubebwabebwa na watoto wa jirani, lakini hawakwaruzi; anajilegeza, anasubiri wamwache, kisha anaondoka zake. Mtu anayemfuata sana anamkwepa. Mtu anayekaa kimya na shughuli yake ndiye anayefuatwa.

Mama mkwe wangu aliposhuka kutoka Kibosho kuja kliniki, siku ya kwanza alimkagua sana.

"Mama Doreen, huyu anakamata panya?"

"Hapana, mama. Labda panya aje mwenyewe alale mbele yake."

"Sasa unamlisha wa nini?"

Sikumjibu. Alipokaa kuchambua maharage, Ukungu alikuja akalala juu ya miguu yake, na mama hakuisogeza miguu ile mpaka maharage yakaisha. Safari iliyofuata alinikuta nimeshika chanuo akasema, "Lete hapa nimshike kichwa." Tangu hapo akishuka huwa tunamchana wawili.

Upole huo wengine wanauita uvivu. Mimi naona ni matokeo ya watu kuchagua, kizazi baada ya kizazi, paka anayetulia ndani ya nyumba na anayevumilia kukaa kwenye tundu la maonyesho huku wageni wakimtazama. Alichopoteza ni ukali. Paka shume wa mtaani akimkuta nje usiku, huyu hajui hata kukimbilia juu ya mti. Na nyasi za masika hapa kwetu zimejaa mashona nguo. Dakika chache tu uani, tumbo zima limebeba mbegu, na kila mbegu inakuwa mwanzo wa fundo. Kwa hiyo anaishi ndani, na barazani anakaa nikiwepo. Anayetaka paka wa kulinda ghala achukue paka wetu wa kawaida, wako wengi na ni hodari.

Sasa asili yake. Nimeisoma kwa muda mrefu, kwa sababu kazi yangu ni nywele na nilitaka kujua hizi zilianzia wapi.

Paka wote wa nyumbani duniani wametokana na pakamwitu ambaye wataalamu humwita Felis lybica. Bado yupo porini hata hapa Tanzania, mwenye manyoya mafupi na milia hafifu. Manyoya marefu yalikuja baadaye, kwa hitilafu ndogo katika jeni moja iitwayo FGF5, jambo lililothibitishwa kwa paka mwaka 2007. Kazi ya jeni hiyo ni kuuambia unywele kwamba muda wa kukua umekwisha. Isipofanya kazi, unywele unaendelea kukua. Na ili paka awe na manyoya marefu ni lazima airithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama pia. Hili lina maana kwako wewe mnunuzi: ukimzalisha Mwajemi na paka wa mtaani asiye na hitilafu hiyo, watoto wote watatoka na manyoya mafupi. Na kinyume chake, paka wawili wa mtaani wenye manyoya mafupi, kila mmoja akiwa ameibeba kimyakimya, wanaweza kuzaa mtoto wa manyoya marefu ambaye hana uhusiano wowote na Uajemi, yaani Iran ya leo. Kwa hiyo anayekuambia "si unaona manyoya?" bado hajakuonyesha lolote. Mwombe akuonyeshe mama yake na baba yake.

Katika kumbukumbu za Ulaya, mtu anayetajwa sana ni Pietro della Valle, msafiri wa Roma. Mwaka 1620, akiwa Uajemi, aliandika kuhusu paka wa jimbo la Khorasan, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo: umbo ni la paka wa kawaida, lakini manyoya ni ya kijivu, laini, yenye mng'ao wa hariri, na mkia umejaa nywele ndefu. Akataka kupeleka majike na madume nyumbani Italia. Nilipoisoma ile habari nilimtazama Ukungu pale kwenye kochi, kijivu kilekile kinachoingia kwenye buluu. Miaka hiyo Wareno walikuwa bado wameshikilia Hormuz, mlangoni mwa Ghuba ya Uajemi, hadi walipoondolewa mwaka 1622, na huku kwetu Fort Jesus ya Mombasa walishaanza kuijenga tangu 1593. Bahari ileile, jahazi zilezile. Napenda kufikiri hivyo ninapomchana.

Ufaransa nayo ilipata paka wa manyoya marefu kutoka Ankara, Uturuki, wale wanaoitwa Angora, kupitia msomi Nicolas-Claude Fabri de Peiresc. Angora ni mwembamba zaidi, uso wake mrefu, masikio yamesimama. Kwa muda mrefu Wazungu waliwachanganya hao wawili, kwa majina na kwa damu. Maonyesho makubwa ya kwanza ya paka Uingereza yalifanyika Crystal Palace, London, Julai 1871, yakiandaliwa na Harrison Weir, na Waajemi walikuwemo. Malkia Victoria akafuga wa buluu, yaani kijivu kama cha Ukungu, na baada ya hapo kila mwenye uwezo alitaka wake. Wafugaji walipenda kichwa cha mviringo na mwili mnene, wakaendelea kuchagua kuelekea huko, na Angora akamezwa humo mpaka ikabidi bustani ya wanyama ya Ankara iwatunze waliobaki wenye damu yao.

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilinganisha vinasaba vya paka wa aina nyingi na vya paka wa mitaani wa nchi mbalimbali. Mwajemi wa leo akaangukia kundi la paka wa Ulaya Magharibi. Hakukaribiana na paka wa Mashariki ya Kati. Wale wachache waliotoka Khorasan walichanganywa na paka wa huko Ulaya kwa zaidi ya miaka 100, na kilichosalia cha safari ile ni manyoya zaidi kuliko damu. Kuna watu wanasikitika kusikia hivyo. Mimi simwoni kuwa amepungukiwa chochote. Huyu ni paka aliyetengenezwa na mikono ya watu, na kwa sababu hiyo hawezi kuishi bila mikono ya watu.

Mikono hiyo ilifanya na baya. Tazama picha za Waajemi wa karne ya 19: uso wa mviringo, ndiyo, lakini pua ipo, na mdomo umejitokeza. Katika karne ya 20, hasa Marekani, wafugaji walianza kutuza nyuso fupi zaidi na zaidi, mpaka pua ikapanda katikati ya macho. Paka wa sura hiyo machozi yake hayapiti puani inavyotakiwa, yanatiririka usoni na kuacha michirizi ya kahawia. Matundu ya pua ni membamba. Meno yanakosa nafasi kwenye taya. Jike anapata shida kuzaa kwa sababu vichwa vya watoto ni vikubwa. Na huu ndio uso unaoitwa mzuri kwenye matangazo, tena ndio wenye bei kubwa! Sitanyamaza kuhusu hili. Mnyama anayekoroma akiwa macho hajafanywa mzuri, amefanywa mgonjwa, na kila anayelipia sura hiyo anaagiza wazaliwe wengine.

Kwa Moshi jambo hili lina uzito wake. Paka hatoki jasho mwilini namna yetu. Anajipoza kwa kulala mahali pa baridi, kwa kulamba manyoya, na akizidiwa ndipo anahema kwa mdomo. Januari na Februari bati likishika moto, hata Ukungu mwenye pua yake anahamia bafuni kulala kwenye saruji, na mimi nafunga mapazia ya upande wa jua. Paka wa pua iliyobonyea hewa haimtoshi hata siku ya kawaida. Ukimwona paka anahema mdomo wazi, hapo si pa kusubiri kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Walio Kibosho au Machame juu wana nafuu ya joto, ila huko kazi itakuwa kumkausha msimu wa mvua.

Nije kwenye kuchana.

Manyoya ya Mwajemi yana tabaka mbili. Juu kuna marefu, yanayoweza kufika sentimita 10 na zaidi. Chini kuna sufi laini, nyingi, na hiyo sufi ndiyo inayosokotana. Ukipitisha brashi mgongoni paka anang'aa, wageni wanasifu, kumbe chini kumefungana. Namchana asubuhi kabla sijafungua saluni, na sianzii mgongoni. Naanza nyuma ya masikio, halafu kwapa, tumbo, mapaja kwa nyuma, ndipo nimalizie shingo na mgongo. Nagawa mistari ninavyogawa kichwa cha mteja: nalaza manyoya upande mmoja kwa kiganja, naacha mstari wa ngozi uonekane, nachana kidogo kutoka kwenye ncha kuja kwenye shina, kisha nalaza mstari unaofuata. Chanuo ni la chuma, meno yameachana. Nikiona ngozi, nimefika. Nisipoiona, bado.

Nikikuta fundo, kwanza nalishika pale shinani kwa vidole viwili ili chanuo likivuta livute vidole vyangu na si ngozi yake. Ni vilevile ninavyofanya kwa mtoto anayelia akisukwa. Nanyunyiza konaflawa kidogo, naisugua ndani ya fundo, kisha naligawa kwa vidole, nusu kwa nusu, kuanzia nje. Baada ya hapo ndipo chanuo linaingia, kwa meno ya mwisho tu. Mkasi siutumii hata siku moja. Ngozi ya paka ni nyembamba na inavutika. Inapanda ndani ya fundo bila wewe kuiona, na mkasi unakata vyote kwa pamoja. Likishindikana, daktari atalinyoa kwa mashine.

Macho nayasafisha kila asubuhi kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na pamba yake.

Vifaa vyake vinakaa kwenye kopo lake, ndani ya nyumba, na havivuki mlango wa saluni. Hili nalisema kama msusi: Mwajemi ni miongoni mwa paka wanaobeba sana fangasi ya Microsporum canis, na anaweza kuwa nayo bila kuonyesha dalili. Ikihamia kwa mtoto inakuwa mapunye. Ukiona duara lisilo na nywele kwa paka, au kichwani kwa mwanao, watibiwe wote na vitambaa vya kochi vifuliwe. Usiishie kumlaumu msusi.

Na yeye haruhusiwi kuingia saluni. Wateja wanasikitika, wangependa awe karibu, lakini sakafu ya msusi imejaa vipande vya rasta, na paka akianza kumeza uzi hawezi kuutema. Ulimi wake una vijino vinavyosukuma kila kitu ndani. Uzi mrefu tumboni unakunja utumbo, na hapo ni upasuaji au kifo. Mafundi cherehani nao wazingatie hilo.

Chakula hakina maneno mengi. Paka ni mla nyama. Ukungu anakula samaki wa kuchemsha asiye na chumvi, nyama, maini kidogo, na chakula cha kopo hela ikiruhusu. Ugali mtupu na mchuzi haumtoshi paka yeyote.

Kuhusu dawa nitakuwa mkali. Usimpe paka parasetamoli, hata robo ya kidonge, inaweza kumuua. Usimpake dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, wala ile ya kuogeshea ng'ombe, kwa sababu kinachobaki kwenye manyoya atakilamba chote, na huyu ana manyoya mengi kuliko wengine. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate, hata kama hatoki nje.

Limebaki la figo, na ndilo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa. Waajemi wana ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji. Paka anazaliwa navyo vikiwa vidogo mno, anakua vizuri, anacheza, halafu katikati ya umri wake figo zinashindwa. Mabadiliko ya jeni yanayousababisha yaligunduliwa mwaka 2004, kwenye jeni ya PKD1. Kabla ya hapo, uchunguzi katika nchi mbalimbali ulikuwa ukikuta zaidi ya theluthi moja ya Waajemi wanao. Tofauti na manyoya marefu, ugonjwa huu unahitaji mzazi mmoja tu: akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuupata. Kipimo kipo, cha kusugua pamba ndani ya shavu, na ultrasaundi nayo inaweza kuona vifuko paka akikaribia mwaka. Kwa hiyo unapouliza bei, uliza na majibu ya kipimo cha wazazi. Akikuambia hajui unaongelea nini, usimpe hela yako.

Ukungu alipimwa kwa ultrasaundi na mwenye paka wa mwanzo, na figo zake ni safi. Hata hivyo amehasiwa, kwa hiyo wanaonipigia kutaka dume wa kuzalisha nao, jibu ni hapana. Anayetaka kuja kujifunza kuchana, milango iko wazi kila asubuhi kabla ya saa mbili, na chanuo nitampa nimwone mkono wake.